Lile wingu jeupe si "kuvunja sauti"

Hapa Mwanza picha hiyo haiachi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: ndege ya kivita imevaa sketi ya wingu jeupe, na chini yake mtu kaandika, "Hapa ndipo inapovunja mwendo wa sauti." Siyo.

Wingu hilo ni unyevu tu. Rubani akikata kona kali, au akikaribia mwendo wa sauti, hewa inayopita juu ya mabawa hupungukiwa mgandamizo ghafla, ikapoa, na mvuke uliomo ukageuka matone madogo mno. Kufumba na kufumbua, limeyeyuka. Ndege inaweza kulivaa ikiwa bado chini ya kilomita 1,225 kwa saa (mwendo wa sauti kwenye usawa wa bahari, joto likiwa nyuzi 15), na kwenye hewa kavu inaweza kuupita mwendo huo bila hata kawingu.

Picha maarufu kuliko zote, ya ndege ya kivita F/A-18 Hornet, John Gay wa jeshi la majini la Marekani aliipiga mwaka 1999 akiwa kwenye USS Constellation, meli ya kubebea ndege. Baharini, bila shaka: kinachotakiwa ni unyevu, na huo sisi wa kando ya ziwa tunao wa kumwaga.

Mwenye kamera aweke shata (muda wa kamera kupokea mwanga) kwenye 1/2000 ya sekunde, apige mfululizo, tena aanze kabla ndege haijalala kwenye kona. Ukisubiri uone wingu ndipo ubonyeze, utaambulia ndege tupu. Na ndege ya jeshi iliyoegeshwa uwanjani, jamani, usiipige picha bila ruhusa.