Ulinganifu wa chanjo ya influenza

Ulinganifu ni kiasi ambacho kirusi kilichochaguliwa kutengenezea chanjo kinafanana na kile kinachoambukiza watu wakati huo. Ukiwa mzuri, chanjo hupunguza kwa asilimia 40 hadi 60 uwezekano wa kuugua influenza kiasi cha kwenda kwa daktari. Ukiharibika, kinga hushuka: Marekani, msimu wa 2014 hadi 2015, ilifika asilimia 19 tu, kwa sababu virusi vingi vya H3N2, aina mojawapo ya influenza, vilikuwa vimeshabadilika.

Vinabadilikaje? Influenza ni kirusi cha RNA, yaani molekuli iliyobeba maelekezo yake ya kurithi, na kinapojinakili hakina namna ya kusahihisha makosa. Makosa mengi hukidhuru chenyewe. Machache hubadilisha umbo la hemaglutinini, protini ya juu ya kirusi inayokiwezesha kunasa kwenye seli za njia ya hewa. Kingamwili zetu huilenga protini hiyohiyo, hivyo ikibadilika umbo, kingamwili za zamani hazishiki sawasawa.

Halafu kuna kalenda. Shirika la Afya Duniani hutangaza virusi vya kuwekwa kwenye chanjo kila Februari kwa nchi za kaskazini mwa dunia, na kila Septemba kwa zile za kusini. Kuitengeneza huchukua takriban miezi sita, maana chanjo nyingi bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Ni sawa na kumpima mtoto leo kanzu atakayoivaa Idi baada ya nusu mwaka. Tena H3N2 ikikuzwa kwenye yai hujirekebisha ili iweze kuishi humo, na ulinganifu hupungua hata kabla kirusi cha mitaani hakijabadilika.

Sisi wa Dar es Salaam hatuna majira ya baridi kali ya kutuonyesha msimu unaanza lini. Influenza inaweza kuzunguka mwezi wowote. Kwa hiyo unapoitafuta chanjo, uliza ni toleo la mwaka gani, na kumbuka mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga.

Inaniuma kusikia mtu akisema, "Nilichanjwa na bado nikapata mafua, chanjo haina maana." Mafua mengi husababishwa na virusi vingine kabisa, ambavyo chanjo hii haivigusi. Na hata ulinganifu ukiwa hafifu, aliyechanjwa mara nyingi huugua kwa unafuu. Kwa mjamzito, mzee, au mwenye pumu au kisukari, unafuu huo unaweza kumwepusha kulazwa.