Semina za kujiamini kwa watoto wa shule: yanayosemwa na ukweli ulivyo

Siku hizi semina za kuwafundisha watoto kujiamini na kuongea mbele za watu zimekuwa nyingi, shule za serikali, inglish midiam, madrasa, Sunday school, kote wanaitwa watu waje "wawape watoto konfidensi". Mimi ndiyo kazi ninayofanya kwa hiyo silalamiki, ila kuna mambo wazazi wanayasema, walimu wanayasema na hata sisi wawezeshaji tunayarudia kila siku na hayana kichwa wala miguu.

Dhana: Mtoto anayejiamini ni yule anayemwaga ung'eng'e

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mzazi anakufuata pembeni kabisa anakwambia, "Mwalimu, mimi nataka wangu apande pale mbele aongee Kiingereza bila kukwama, basi." Sasa mchukue mtoto wa darasa la sita shule ya serikali umwambie aeleze kwa Kiingereza alifanya nini Jumamosi, atazungusha kidole kwenye dawati mpaka kengele ilie. Halafu huyo huyo mwambie kwa Kiswahili awaeleze wenzake vitumbua vya kwao vinapikwaje. Ataanza na mchele unalowekwa usiku, asubuhi unasagwa, unatia tui na hiliki na hamira, unaacha uumuke, kile chuma lazima kishike moto kwanza na mafuta yawe yamechemka maana ukiwahi kumimina kinaganda chini na ukikibandua kinakatika, na mwenzake akidakia kwamba kwao wanatia unga wa ngano anamwambia subiri nimalize, hivyo vyenu ni vingine. Ameongea kwa mpangilio, amemdhibiti aliyemkatiza, na darasa zima linamsikiliza. Huyo utasema hajiamini?

Kwetu Tanzania shule nyingi za msingi za serikali masomo ni kwa Kiswahili mpaka mwisho, halafu Januari mtoto anaingia form one anakuta kila kitu ni Kiingereza kasoro Kiswahili chenyewe. Walimu wa sekondari wanasema "form one waoga sana hawa", jamani wale maneno hayajawatosha tu, ukimwambia kila mmoja ajadili kwanza na jirani yake kwa Kiswahili, akishajua anachotaka kusema ndiyo mtafute pamoja sentensi mbili tatu za Kiingereza, mdomo unafunguka. Kinachoharibu zaidi ni adhabu. Kenya watu wazima wengi bado wanakumbuka ile disk ya kuvishwa shingoni ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani, na kwetu kuna shule ukiongea Kiswahili unachapwa. Mtoto ukimwadhibu kwa kufungua mdomo usishangae akiufunga.

Dhana: Haangalii watu machoni, basi ana tatizo

Fomu nyingi za tathmini tunazopewa zina kisanduku cha "anamtazama anayeongea naye usoni", na watoto wetu nusu wanakosa hiyo alama. Ila kwetu mtoto akiongea na mkubwa anashusha macho, ni malezi hayo, anatoa shikamoo anatazama chini na bibi yake anafurahi kwamba ana adabu. Mtoto huyo huyo nenda kamwone kwenye rede anavyobishana, au siku ya maulidi anavyoongoza kaswida na uwanja umejaa. Mimi nawaambia hivi tu: mkubwa akikusemesha fanya kama ulivyofundishwa kwenu, ukisimama kuwaeleza wenzako wape macho ili wajue unaongea nao. Wanaelewa papo hapo, sisi wakubwa ndio tunaona kama ni mambo mawili yanayogongana.

Dhana: Asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu

Hii ni yetu wawezeshaji. Iko kwenye slaidi karibu za kila mtu, na ukumbi mzima unaandika kwenye daftari. Inatokana na Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Marekani, na majaribio mawili madogo ya mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja limetamkwa kwa sauti za namna tofauti, wengine wakaonyeshwa na picha za sura, waseme huyu anayeongea anampenda anayemwambia au hampendi. Akapata ile asilimia 7 ya maneno, 38 ya sauti na 55 ya sura. Inahusu hisia, tena pale ambapo neno linasema hivi na sauti inasema vile, na mwenyewe ameshaeleza kwamba haihusu mazungumzo yote. Hata bila kusoma utafiti jiulize, ingekuwa kweli si ungeangalia taarifa ya habari ya Kichina umezima sauti na ukapata zaidi ya nusu?

Na hasara yake darasani ipo. Watoto wanafundishwa kusimama kifua mbele, kurusha mikono, kutembea tembea jukwaani kama wagombea udiwani, halafu hawana cha kusema. Nikiwa na saa moja naitumia kwa mchezo wa migongo: watoto wawili wanapeana migongo, mmoja ana mchoro, mwingine ana karatasi tupu na penseli, mwenye mchoro anaeleza mwenzake achore. "Chora nyumba." Anachora ghorofa. "Sio hiyo, ya udongo." "Hukusema." Wakigeuka kulinganisha ni kicheko, na hapo ndipo mtoto anajua mwenyewe kwamba kueleza vizuri ni kumfikiria anayesikiliza, na kwamba kuuliza swali ni sehemu ya kusikiliza. Maneno pale yamebeba karibu kazi yote.

Dhana: Wapigishe kelele "Mimi ni bingwa!" mpaka waamini

Kwenye mstari asubuhi inapendeza, video inatoka nzuri. Lakini Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu mtu anavyopata imani kwamba jambo fulani analiweza, alisema chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni kulifanya lenyewe na kufanikiwa. Maneno ya kutiwa moyo yapo kwenye orodha yake ila yana nguvu ndogo kuliko hicho, yanapeperuka mtoto akijaribu akashindwa mara moja. Kwa hiyo panga ngazi ndogo ndogo: leo anaongea na mmoja, kesho na wanne, kisha anasimama palepale kwenye dawati lake, mbele ya darasa baadaye kabisa. Pa kuanzia tunapo tangu zamani, ukisema "Kitendawili!" darasa zima linaitika "Tega!" na hakuna aliyeogopa, na atakayetega anajua watu wanamsubiri yeye. Mwezeshaji anayekuja na nyimbo za kambi za Marekani za kuchangamsha watoto huku ameacha vitendawili kwao sijui anawaza nini.

Dhana: Acha wamcheke, anakomaa

Hakomai, anajifunza kukaa kimya. Kanuni ya kwanza kabla ya yote ni kwamba hapa hachekwi mtu akikosea, na mwalimu wa darasa naye imhusu, maana mara nyingi anayeanza kucheka ni yeye.

Dhana: Hakunyoosha mkono mtu, kwa hiyo hakuna anayejua

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyekaa sana kwenye madarasa ya sayansi, aligundua walimu wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu, kisha wanajibu wenyewe au wanahamia kwa mwingine. Walipofundishwa kusubiri sekunde 3 na zaidi, majibu yakawa marefu na watoto ambao kawaida hawasemi wakaanza kusema. Jaribu, uliza halafu hesabu kimoyomoyo. Sekunde tatu mbele ya watoto themanini ni ndefu balaa.

Dhana: Kigugumizi ni woga, akizoea jukwaa kitaisha

Kigugumizi kina asili yake kwenye ubongo unavyoendesha usemi, na mara nyingi kinatembea kwenye ukoo, wavulana zaidi. Wasiwasi unaweza kukizidisha ila sio uliokileta. Usimmalizie sentensi, usimwambie "tulia, vuta pumzi", msubiri amalize na usikilize anachosema kuliko anavyokisema. Akitaka kupanda jukwaani apande, asipotaka asilazimishwe "ili apone".

Dhana: Ukimfundisha mtoto kujieleza atakuwa jeuri

Wazazi wengi hawalisemi waziwazi, utasikia tu "msije mkamharibu mwanangu". Nawaelewa, maana kuna semina zinamfundisha mtoto kusema "mimi nataka" peke yake. Ila kukataa kwa heshima nako kunafundishwa: "Samahani baba, naomba nieleze", "Hapana mjomba, mama amenikataza." Watoto wanaigiza wawili wawili, mmoja mkubwa anayebembeleza kwa pipi, mwingine mtoto. Mtoto asiyeweza kumwambia mkubwa hapana ndiye anayewindwa, na hilo ukimweleza mzazi taratibu huwa anabadilika sura. Nawafundisha pia namba 116, ya bure, ya kuwasaidia watoto, Tanzania ipo na Kenya ipo.

Hapo hapo niseme: kuna wawezeshaji wanaona semina bila machozi haijafana, wanamsimamisha mtoto mbele ya wenzake asimulie mambo ya kwao, baba anavyompiga mama. Acheni. Kesho darasa zima linamtania nayo na wewe ushaondoka. Mtoto akikudokezea jambo msikilize pembeni mahali mnapoonekana, usimwahidi kwamba itakuwa siri, na uwe umejua kabla hujaingia shuleni hapo nani anashughulikia, mwalimu wa malezi au ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi.

Dhana: Siku moja inatosha, mradi kuna fulana na cheti

Cheti watoto wanakipenda, sikatai. Ila siku moja na watoto mia mbili ukumbini, walioongea ni wale kumi wanaoongea siku zote, dada mkuu na kaka mkuu na yule mchekeshaji wa darasa la saba. Afadhali hela ya fulana ulipie muda wa kukaa na walimu wawili wa pale, uwaachie kitu cha dakika kumi kila Ijumaa: makundi ya wanne wanne, kalamu inapokezanwa, aliye nayo ndiye anayeongea, aliyemaliza anamchagua anayefuata, na darasa la watoto tisini linaongea lote kabla ya kengele. Kelele zitakuwepo, mwalimu mkuu mwambie mapema ili asije na fimbo akidhani darasa halina mwalimu.