Kifaa cha kusoma na kuprogramu sensa za tairi: maana yake na kinavyofanya kazi

Neno sensa katika makala haya halihusu kuhesabu watu. Ni jina ambalo mafundi wa magari wamekipa kijidude kidogo kinachofungwa ndani ya tairi, mara nyingi nyuma ya vali, ili kupima upepo uliomo pamoja na joto lake na kuipelekea kompyuta ya gari taarifa hizo kwa mawimbi ya redio. Wanaoandika Kiswahili cha sayansi hupendelea kukiita kihisi, na wana haki yao, lakini gereji ukiomba kihisi utaulizwa unataka nini.

Kifaa cha kusoma na kuprogramu sensa hizo ni chombo cha mkononi, chenye umbo la simu nene au rimoti kubwa, kinachomwezesha fundi kufanya mambo matatu: kuiamsha sensa na kuisoma bila kufungua tairi, kuandika namba ya utambulisho ndani ya sensa mpya, na kuijulisha kompyuta ya gari namba za sensa zilizofungwa. Kazi hizo hazifanani, ingawa hufanywa na chombo kimoja na pengine zote zimo kwenye ukurasa mmoja wa skrini. Na taa ya tairi inayokataa kuzimika baada ya sensa kubadilishwa, mara nyingi imebaki hivyo kwa sababu fundi alifanya kazi ya pili akadhani amemaliza na ya tatu. Chombo hiki kisichanganywe na geji ya upepo, wala na mashine ya kawaida ya kupimia gari inayochomekwa chini ya usukani, kwa kuwa mashine nyingi za bei nafuu husoma makosa ya injini tu na hazina antena ya kuiamsha sensa iliyomo ndani ya tairi.

Sensa za tairi zilienea kwa nguvu ya sheria zaidi kuliko kwa mapenzi ya wanunuzi. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliitisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer, baada ya matairi kuchanika mwendoni na magari kupinduka. Miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa sana ilikuwa ni kiasi cha upepo. Mwaka huohuo bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, na kanuni zilizofuata zikataka magari mapya madogo yanayotengenezwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2007 yawe na mfumo wa kumwonya dereva upepo unapopungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Kwa gari linalotakiwa kuwa na psi 32 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), hiyo ni psi 24, kiwango ambacho tairi la kisasa bado huonekana zima kwa macho hata ukilipiga teke. Umoja wa Ulaya ulifanya mfumo huo kuwa lazima kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Japani haikuweka sharti kama hilo, ndiyo maana magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa kutoka huko katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hayana mfumo huo kabisa, ilhali gari la umri uleule lililotoka Uingereza kwa kawaida huwa nao.

Taa yenyewe ni ya njano, ina umbo la tairi lililokatwa likiwa na alama ya mshangao katikati, na namna inavyowaka ina maana yake. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, upepo umepungua mahali fulani na dawa yake ni geji na pampu. Ikipepesa kwa muda wa dakika moja hivi kila gari linapowashwa, kisha ikabaki imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu: sensa imekufa, haipo, au ipo lakini gari halimtambui mgeni huyo. Hapo ndipo kifaa tunachokieleza kinapohitajika.

Kabla ya kukitoa mkobani, hata hivyo, fundi hana budi kujua kama gari lina sensa ndani ya matairi au la. Kuna magari ambayo hupima upepo kwa njia ya kuzunguka: kompyuta hulinganisha kasi ya magurudumu kwa kutumia sensa za ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge dereva anapopiga breki, kwa kuwa tairi lililopungua upepo huwa na kipenyo kidogo zaidi na hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake. Gari la namna hiyo lina taa ileile ya njano, lakini ndani ya tairi hamna kitu, na kifaa kitatafuta mpaka kichoke kisha kiseme hakuna sensa. Nimewahi kuona mteja akiuzwa sensa nne kwa kigezo hicho tu, wakati dawa ya gari lake ilikuwa kujaza upepo sawasawa na kubonyeza kitufe cha kuweka upya kilichomo ndani ya gari. Vali ya chuma ni dalili nzuri kwamba sensa ipo. Vali ya mpira haithibitishi kwamba haipo.

Sensa huishi kwa betri ndogo iliyofunikwa kwa gundi ngumu, isiyokusudiwa kubadilishwa, ambayo kwa kawaida hudumu kati ya miaka 5 na 10. Ili betri isiishe upesi, sensa hulala gari linaposimama na huamka gurudumu likianza kuzunguka kwa kasi, kisha hurusha taarifa zake kila baada ya muda mfupi. Masafa ya redio inayotumia ni megahezi 315 kwa magari mengi ya Amerika Kaskazini na Japani, au megahezi 433 kwa magari ya Ulaya na kwa mengi ya sehemu nyingine. Pamoja na upepo na joto, kila sensa hutaja namba yake ya utambulisho, ambayo kwa kawaida ina herufi na tarakimu 8. Namba hiyo ndiyo kitambulisho pekee ambacho gari hukiangalia: taarifa ikija na namba iliyomo kwenye orodha ya kompyuta hupokelewa, ikija na namba ngeni hupuuzwa, hata kama inatoka kwenye tairi la gari hilohilo. Wala hakuna siri katika mazungumzo hayo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers na Chuo Kikuu cha South Carolina walionyesha kwamba mawimbi ya sensa za tairi yanaweza kunaswa hadi umbali wa mita 40 kutoka kwenye gari linalopita. Udhaifu huo kwa upande wa usalama ndio unaomrahisishia fundi kazi, kwa sababu kifaa chake husikiliza kile kinachotangazwa kwa kila mwenye sikio.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuamsha na kusoma. Fundi huchagua kwenye skrini aina ya gari, modeli na mwaka, kisha husogeza antena ya kifaa kwenye ubavu wa tairi, karibu na vali, akiielekeza kwenye mpira wala si kwenye chuma cha rimu, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi. Akibonyeza kitufe, kifaa hutuma wimbi dogo la kilohezi 125 ambalo huifikia sensa iliyolala, nayo hujibu kwa masafa yake ya kawaida. Baada ya sekunde chache skrini huonyesha mstari kama huu: 0A3F91C7, psi 31, nyuzi joto 34, betri nzuri. Huhamia tairi la pili, la tatu na la nne kwa mpangilio uleule, akianzia mbele kushoto. Ikitokea namba moja ikajitokeza kwenye magurudumu mawili, ni kwamba sensa ya jirani ndiyo iliyojibu, na asome tena akiwa karibu zaidi na tairi analolikusudia. Sensa ikikaa kimya, asikimbilie kutangaza kifo: sensa nyingine za zamani huamshwa kwa sumaku inayowekwa juu ya vali, na nyingine hazijibu mpaka upepo upunguzwe kiasi ili zihisi mabadiliko. Kuhusu betri, kifaa huripoti kile tu ambacho sensa imesema; baadhi ya sensa hazisemi chochote kuhusu betri, na fundi anayetaja asilimia iliyobaki kwa sensa ya namna hiyo anabuni.

Usomaji huu unapaswa kufanyika kabla ya tairi kufunguliwa. Sensa huvunjika kirahisi pale mashine ya kutolea tairi inapobana karibu na vali, na zaidi pale tairi linapong'olewa kwa vyuma vya mkono kama ilivyo kwenye vibanda vingi vya pancha. Fundi aliyesoma kwanza anajua kama sensa ilikuwa hai gari lilipoingia. Asiyesoma atabishana na mteja bila ushahidi, na mteja naye hana.

Kazi ya pili ni kuprogramu. Sensa za kampuni iliyotengeneza gari huja na namba zake tayari, lakini madukani kuna sensa za jumla, ambazo zinapotoka kwenye boksi hazijui zitafungwa kwenye gari gani. Kifaa ndicho huziandikia lugha ya gari husika pamoja na namba. Namba hiyo inaweza kuwa mpya kabisa, au inaweza kunakiliwa kutoka kwenye sensa ya zamani. Kunakili kuna faida kubwa: kwa kuwa gari linaangalia namba tu, sensa mpya yenye namba ya marehemu hupokelewa kana kwamba hakuna aliyekufa, na kazi ya tatu haihitajiki. Waswahili wanaoishi Kanada au Ulaya ya Kaskazini hunufaika na jambo hili wanapokuwa na seti ya pili ya magurudumu ya majira ya baridi, kwani seti zote mbili hubeba namba zilezile na gari halioni tofauti. Kosa la kuepuka ni kuiacha sensa ya zamani, kama bado ina uhai, ndani ya tairi la spea la gari hilohilo, maana kompyuta itapokea namba moja ikiripoti upepo wa aina mbili.

Je, sensa iliyokufa itanakiliwaje wakati haisomeki? Katika magari mengi namba yake bado imehifadhiwa kwenye kompyuta, na kifaa kikiunganishwa kwenye soketi ya OBD, yaani tundu la kuchomekea mashine ya kupimia gari, chini ya dashibodi huweza kuitoa. Njia nyingine ni kufungua tairi na kusoma namba iliyochapishwa kwenye mwili wa sensa, kisha kuiingiza kwa mkono. Namba hizi hutumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F tu, kwa hiyo duara unaloliona ni sifuri siku zote, kamwe si herufi O. Lakini B na 8 zote zinaruhusiwa, na maandishi yakiwa yamefifia kwa vumbi hapo ndipo watu hukosea. Wakati wa kuandika, sensa nyingine mpya ziwekwe mbali, ili kifaa kisiandike kwenye isiyokusudiwa.

Kazi ya tatu, ya kulifunza gari, hutofautiana kulingana na mtengenezaji. Yapo magari yanayojifunza yenyewe baada ya kuendeshwa kwa dakika kadhaa. Yapo yanayohitaji kuwekwa kwanza kwenye hali ya kujifunza, kama magari mengi ya General Motors: honi hulia kuashiria kwamba gari liko tayari, fundi huamsha sensa ya mbele kushoto, kisha mbele kulia, nyuma kulia na nyuma kushoto, na honi huitikia kila namba inapopokelewa. Yapo pia, na magari mengi ya Toyota yamo humu, ambayo hayakubali namba mpya mpaka ziandikwe moja kwa moja kwenye kompyuta kupitia soketi ya OBD. Tuseme Toyota ya namna hii imefungwa sensa mbili mpya zenye namba mpya. Kifaa kinazisoma zote nne vizuri, psi zinaonekana, betri ni nzuri, na fundi anamwambia mteja aendeshe tu taa itazima. Haitazima, hata akienda nalo Dodoma na kurudi, kwa kuwa kompyuta bado inazisubiri namba mbili za zamani. Kinachotakiwa ni kusoma zote nne, kuchomeka kifaa, kuwasha swichi bila kuwasha injini, kisha kuziandika.

Masafa nayo hayasameheki. Sensa ya megahezi 433 ikifungwa kwenye gari lililotengenezwa kwa megahezi 315 itasomwa na kifaa bila taabu, kwa kuwa kifaa husikia masafa yote mawili, lakini gari halitaisikia kamwe.

Yapo pia mambo ya mkono ambayo skrini haiyaoni. Vali za sensa nyingi ni za aluminiamu, na sindano ya vali (kile kipande cha ndani kinachozuia upepo usitoke) iliyo ya shaba tupu ikiingizwa humo, vyuma hivyo viwili hulana, hasa katika hewa yenye chumvi kama ya Zanzibar au Mombasa, mpaka vali inavunjikia mkononi. Inayofaa ni sindano iliyopakwa nikeli. Nati ya vali hukazwa kwa nguvu ndogo tu, na mpira wake wa kuzibia hubadilishwa kila tairi linapofunguliwa. Dawa ya pancha inayomiminwa kupitia vali inaweza kuziba kitundu cha sensa, nayo ikaendelea kuripoti upepo usio wa kweli.

Upepo wenyewe ujazwe tairi likiwa baridi, kwa kuwa huongezeka kwa karibu psi 1 kwa kila nyuzi joto 5 au 6 zinazopanda, na kiwango kifuatwe kwenye kibandiko kilichoko kwenye mlango wa dereva. Kwa magari ya Japani kibandiko hicho kwa kawaida huandikwa kwa kPa (kilopaskali, kipimo kingine cha upepo), na 220 iliyoandikwa hapo ni psi 32.