Kabla hujaitazama filamu ya Ai Weiwei

Kazi yangu ni kuchagua filamu za hali halisi na kuongoza mjadala taa zikishawashwa. Tunapoonyesha Ai Weiwei: Never Sorry, filamu ya Alison Klayman ya mwaka 2012 kuhusu msanii huyo wa China, watazamaji huanza na yale yale: kidole cha kati kilichoinuliwa mbele ya uwanja wa Tiananmen jijini Beijing, na chungu cha kale cha enzi ya Han alichokiachia makusudi kikavunjika. (Wengine huanza na yule paka wake anayejua kufungua mlango, nami siwalaumu.) Mimi huwaomba wazitazame zaidi zile karatasi zilizobandikwa ukutani ofisini kwake Beijing.

Tarehe 12 Mei 2008 tetemeko la ardhi lilikumba jimbo la Sichuan, China. Shule nyingi ziliporomoka ilhali majengo ya jirani yalibaki wima, na wazazi wakataka kujua nani alizijenga hivyo. Majibu hayakuja. Ai akaitisha uchunguzi wa raia kupitia blogu yake. Watu wa kujitolea wakapita kijiji kwa kijiji wakiandika jina la kila mtoto aliyekufa, tarehe ya kuzaliwa, shule, darasa. Baadhi yao walikamatwa wakahojiwa na polisi. Mei 2009, siku chache kabla ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, maofisa wa jimbo walitangaza idadi yao: wanafunzi 5,335 wamekufa au hawajulikani walipo. Ai alikuwa na majina, zaidi ya 5,000; ndiyo yaliyo kwenye karatasi zile za ukutani. Mwezi huo huo blogu yake ikafungwa.

Kwa nini majina yaliudhi kuliko idadi? Idadi ikishatangazwa, jalada limefungwa. Jina lenye shule na darasa hukupeleka kwenye jengo fulani, jengo kwa mkandarasi, mkandarasi kwa ofisa aliyetia saini. Ni kazi ya karani, inachosha, wala haina urembo wowote. Lakini bila orodha ile usingekuwapo ukuta wa maonyesho yake ya Munich, Ujerumani, ya mwaka huo huo, ambako mikoba ya shule 9,000 ilipangwa kwa rangi ikaandika maneno ya mama mmoja: binti yake aliishi duniani kwa furaha miaka saba.

Jambo la pili ni kamera: angalia nani anamrekodi nani. Agosti 2009 Ai alikwenda Chengdu, mji mkuu wa Sichuan, kutoa ushahidi katika kesi ya Tan Zuoren, mwanaharakati wa mazingira ambaye naye alikuwa akichunguza vifo vya wanafunzi. Usiku polisi wakaingia hotelini alikofikia, akapigwa kichwani, na kesi ikasikilizwa bila yeye. Wiki chache baadaye alifanyiwa upasuaji Munich kwa sababu ya damu iliyovuja kichwani. Kisha anarudi Chengdu kuwashtaki polisi wale. Anajua hatapata kitu. Anachotaka ni kukataliwa rasmi, mbele ya kamera, dirisha moja la ofisi baada ya jingine. Anapokula, polisi wanamrekodi; watu wake nao wanawarekodi polisi. Klayman anaiunganisha mikanda hiyo kwa ustadi, na ukiangalia vizuri utaona filamu yake nayo ni sehemu ya mbinu ile ile ya kuweka kumbukumbu.

Aprili 3, 2011 alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Beijing, akawekwa kizuizini siku 81. Alipoachiwa, mtu yule aliyekuwa akiandika Twitter mchana na usiku aliwaambia waandishi wa habari langoni kwake kwamba haruhusiwi kuzungumza.

Lawama yangu kwa filamu hii ni moja. Inampenda mno mhusika wake, hata Tan Zuoren anabaki pembeni. Tan alichunguza vifo vile vile. Hakuwa na maonyesho London wala Munich, wala waandishi wa kigeni waliopiga kambi mlangoni kwake. Februari 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 5. Ndiyo maana mjadala ninaouongoza huanza na yeye.