Kipimo cha mtoto mmoja, majibu ya ukoo mzima

Wanafunzi wa uzamili wanaokuja kwangu kusoma jenetikia ya afya ya jamii wengi huwa wanajua kazi mbili tu za vinasaba: kesi za jinai na ugomvi wa nani baba wa mtoto. Ukitaja DNA, mawazo yao yanakimbilia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Siwalaumu, maana hivyo ndivyo magazeti yetu yanavyoliandika jambo hili.

Kwa hiyo naanza na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Kanda ya Ziwa, takriban mtu 1 kati ya 5 ni mbebaji: ana nakala moja ya jeni ya selimundu, ilhali mgonjwa huwa na mbili, na kwa kawaida haumwi. Nakala hiyo imeenea kwa sababu inamkinga mtoto na malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kutokana na utafiti wake wa Afrika Mashariki. Baba na mama wakiwa wabebaji wote, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni asilimia 25 kwa kila mimba. Nasisitiza kila mimba, kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba ukishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika.

Hesabu hiyo tunaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Muhula wote uliobaki unakwenda kwenye yanayofuata.

Mtoto mchanga ametobolewa kisigino, matone ya damu yamekauka kwenye karatasi, majibu yametoka: selimundu. Mama akipimwa ni mbebaji. Baba akipimwa kwa kipimo cha haraka, hana kitu. Nawauliza: baba mnamwambia nini? Darasa linanyamaza, halafu mmoja anasema kile ambacho wote wameshakifikiria.

Hapo nawasimamisha. Baba anaweza kuwa amebeba talasemia ya beta, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambayo kipimo cha haraka cha selimundu hakiioni. Mtoto akirithi selimundu kwa mama na talasemia kwa baba, majibu yake ya uchanga yanaweza kufanana kabisa na ya mtoto mwenye nakala mbili za selimundu. Sampuli nazo huchanganywa. Na hata kama kweli si baba mzazi, nani alikutuma kumtafuta? Ulikuja kumwanzishia mtoto penisilini na kuhakikisha amepata chanjo ya nimonia. Neno moja la kizembe pale kliniki linaweza kumvunjia mama ndoa, na mtoto asionekane tena. Tayari lawama za ugonjwa huu humwangukia mama, ilhali mtoto haupati bila kurithi kwa pande zote mbili.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni cha Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani. Yeye na wenzake ndio walioonyesha, mwaka 1949, kwamba selimundu inatokana na hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, isiyo ya kawaida. Alipata Nobeli mbili. Mwaka 1968 mtu huyohuyo alipendekeza kila kijana mwenye jeni hiyo achorwe alama kwenye paji la uso, ili wabebaji wawili wakikutana watambuane na wasipendane! Wanafunzi hucheka. Kisha tunasoma yaliyofuata Marekani miaka ya 1970: majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwapima Wamarekani weusi kwa lazima, ushauri nasaha ukiwa haba au haupo kabisa. Wabebaji wazima wa afya wakachukuliwa kuwa wagonjwa, wengine wakanyimwa kazi au bima. Chuo cha Jeshi la Anga kiliwafungia mlango hadi mwaka 1981. Sheria ya shirikisho ya kuzuia ubaguzi wa vinasaba kazini na kwenye bima ya afya ilipita mwaka 2008, na mpaka leo haigusi bima ya maisha.

Saudi Arabia nayo ilifanya vipimo vya kabla ya ndoa kuwa vya lazima mwaka 2004, bila kumkataza mtu kuoa. Mwanzoni, kati ya wachumba walioonekana kuwa hatarini, hawakufika 1 kati ya 10 waliovunja uchumba. Kufikia 2009 walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Mimi naona tatizo la mwanzoni lilikuwa ni muda. Ukimpa mtu majibu wakati mahari imeshalipwa na kadi zimeshagawiwa, umempa mzigo, hujampa nafasi ya kuchagua. Ndiyo maana huku kwetu ningeanza na watoto wachanga, ambao wana tiba ya kuanzishiwa, kabla ya kuwagusa wachumba.

Mtihani wangu wa mwisho una swali moja. Paroko ameandika kwamba anataka cheti cha selimundu kiambatane na cha VVU kabla ya kutangaza ndoa kanisani. Wewe ni mganga mkuu wa wilaya, mjibu kwa barua ya ukurasa mmoja. Wanaoanza kwa kuchora jedwali la urithi huwa hawafiki mbali.