Kabla ya Kuchagua Mchezo, Uliza Seva Yake Iko Wapi

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati mitandao ya kompyuta hapa Kisumu, na kwa kuwa nimekuwa mchezaji wa michezo ya kuigiza wahusika mtandaoni, ile tunayoiita MMO kwa ufupi, kwa miaka kumi na sita, haupiti mwezi bila mteja kuniuliza aanze na upi. Wengi huja wakiwa wamekwisha kutazama video, wamevutiwa na majoka na mapanga, na wanataka nithibitishe tu kwamba mchezo waliouona ni mzuri. Mimi huwajibu kwa kuwauliza wanacheza saa ngapi, kwa intaneti ya namna gani na kwa kifaa kipi. Mchezo wa aina hii uliodumu miaka kumi au ishirini hauwezi kuwa mbaya. Kinachotusumbua sisi ni kwamba seva zake, yaani kompyuta kubwa zinazouendesha, zimewekwa Ulaya, Marekani au Asia, karibu na wateja wengi zaidi, na aliye kando ya Ziwa Victoria huingia humo kama mgeni wa kutoka mbali. Kwa hiyo mimi hutazama umbali huo kwanza, kabla ya picha na hadithi.

Mhusika wako hakai ndani ya kompyuta yako. Yumo ndani ya seva, na unachokiona kwenye kioo ni habari zake zilizokufikia baada ya muda. Ukibonyeza kitufe cha kurusha mkuki ukiwa Kisumu, amri hiyo husafiri kwa faiba hadi Nairobi, ikateremka Mombasa, ikaingia baharini, na mara nyingi ikapanda kwa njia ya Bahari ya Shamu na Misri hadi Ulaya, kisha jibu likarudi. Mwanga ndani ya kioo cha faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani theluthi mbili hivi za kasi yake angani. Tukikadiria kwamba njia nzima ina kilomita 12,000, kwenda tu ni milisekunde 60 na kurudi ni 60 nyingine, hata kama mitambo yote ya katikati haichelewi hata kidogo. Nyumbani kwangu Milimani, kwa faiba, pingi ya kwenda Ulaya, yaani muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde, hucheza kati ya 150 na 180; ya kwenda magharibi mwa Marekani hukaribia 300. Nimewahi kumwona kijana aliyeuza pikipiki ili anunue kadi ya picha ya bei kubwa akidhani itampunguzia pingi. Picha zake zilipendeza sana, na pingi ikabaki palepale.

Lakini pingi ya 170 si ugonjwa mmoja katika michezo yote, na hapa ndipo ushauri wa video nyingi unapotupotosha, kwa sababu anayezitengeneza hukaa kilomita mia tatu kutoka kwenye seva. Old School RuneScape, kwa mfano, huendeshwa kwa mapigo yanayoitwa tiki, na kila tiki ni sekunde 0.6. Seva hukusanya amri za wachezaji wote, ikazitekeleza kwa pamoja tiki inapofika, na mwenye pingi ya 20 na mwenye pingi ya 170 mara nyingi huangukia tiki ileile. EVE Online, mchezo wa vyombo vya angani ambao seva yake iko London, huenda polepole zaidi, kwa tiki ya sekunde moja. World of Warcraft humlazimu mchezaji kusubiri takriban sekunde 1.5 kati ya shambulio moja na jingine, na hupokea amri inayofuata milisekunde 400 kabla ya zamu yake, hivyo anayejua kubonyeza mapema haadhibiwi sana na umbali. Guild Wars 2 ni hadithi nyingine. Humo hujikingi kwa silaha tu bali kwa kuruka pembeni, na mruko hukulinda kwa robo tatu ya sekunde pekee; ukimwona jitu akiinua rungu, tambua kwamba kwa seva ameliinua zamani kidogo, na ujizoeze kuruka kabla macho hayajakuambia. Wanaozoea huuona mchezo huo kuwa mtamu. Mimi ilinichukua miezi miwili, na sikuwa mtulivu miezi hiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Final Fantasy XIV, kwa sababu unaweza kupigiwa hesabu kwenye karatasi. Pigo kuu la mchezo huo huja kila baada ya sekunde 2.5, na katikati yake mchezaji hodari huchomeka mapigo madogo mawili. Kila pigo, likiwa kubwa au dogo, humfunga mhusika mikono kwa takriban sekunde 0.6, na muda huo huanza kuhesabiwa seva ikishajibu, kwa hiyo pingi yako nayo huongezwa juu yake. Mtu wa Kisumu anayecheza kwenye seva za Ulaya, ambazo ziko Ujerumani, akiwa na pingi ya 170, hutumia 0.77 mara tatu, yaani sekunde 2.31, na anabakiwa na upenyo mdogo kabla ya pigo kuu linalofuata. Mtu huyohuyo akijisajili kwenye seva za Marekani ya Kaskazini, ambazo ziko California, akiwa na pingi ya 300, hutumia 0.9 mara tatu, na 2.7 haiingii ndani ya 2.5. Mchezo ni uleule na vidole ni vilevile, lakini kila mzunguko anapoteza sekunde 0.2, na mwisho wa pambano la dakika kumi wenzake wanamuuliza kwa nini anapiga kidogo.

Kuna jambo lililo baya kuliko pingi kubwa, nalo ni pingi isiyotulia. Mchezaji huizoea 180 kama dereva anavyoizoea klachi nzito ya gari lake, ila hakuna anayeweza kuzoea 160 inayoruka hadi 500 kisha ikashuka. Ndiyo maana huwa siwaamini wateja wanaoniambia mtandao wao una kasi ya megabiti 40. Mchezo wenyewe ukishapakuliwa hutumia data kidogo kuliko video. Ninachotaka ni waketi saa wanayotarajia kucheza, wafungue dirisha la amri la Windows, waandike ping -n 100 ikifuatwa na anwani ya seva, kisha wasome nambari zote mia moja bila kurukia wastani wa mwisho. Jibu moja au mawili yakipotea, ni hali ya kawaida; yakipotea manane, mhusika wako atakuwa akikimbia papo hapo ukutani wakati wenzake wanakufa. Anayetumia hotspoti ya simu afanye kipimo hicho saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani na mlingoti ni mmoja, wala asijidanganye na matokeo ya saa nne asubuhi.

Saa, kwa kweli, zinastahili kufikiriwa kuliko tunavyozifikiria. Sehemu kubwa ya raha ya MMO iko katika vyama, na Mkenya hahitaji kufundishwa chama ni nini: kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna anayekosa mikutano na bado anataka mgao. Vyama hivi hupanga mapambano makubwa saa mbili usiku za kwao. Ulaya ya kati hiyo ni saa tatu usiku kwetu majira yao ya joto na saa nne majira ya baridi, muda ambao mtu wa Kisumu amekula, ameoga na bado hajalala. Pwani ya mashariki ya Marekani hiyo ni saa tisa au saa kumi alfajiri. Najua kwa sababu nilifanya kosa hilo mimi mwenyewe: rafiki yangu wa zamani alikuwa ameenda kusoma Texas, nikafungua akaunti ya World of Warcraft kwenye seva za huko ili tucheze pamoja, na kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikiamka kabla ya jogoo kwenda kupigana na majitu, kisha nikapanda ngazi za kazi nikiwa nasinzia. Rafiki alipoacha mchezo nilitaka kumhamishia mhusika wangu Ulaya, nikagundua kwamba kati ya maeneo hayo mawili hakuna uhamisho. Nilianza upya kwa leveli ya kwanza. RuneScape haina kifungo hicho, kwani mhusika wako huingia katika dunia yoyote uitakayo, ndivyo seva zake zinavyoitwa, leo Uingereza na kesho Ujerumani. Na EVE huwaweka karibu wachezaji wake wote katika ulimwengu mmoja, isipokuwa kwamba seva hupumzishwa kila siku saa nane mchana kwa saa zetu.

Mwaka jana alikuja muuguzi mmoja, dada wa miaka ishirini na kitu, ambaye zamu zake hubadilika kila wiki na kipakatalishi chake kina memori ya gigabaiti 8. Alitaka World of Warcraft.

“Fundi, niambie ukweli, nitaweza kulipa?”

Nilimpigia hesabu. Ada ya kawaida ya mwezi ni dola 14.99, ambayo kwa takriban shilingi 129 kwa dola inazidi shilingi 1,900, na kulipa si kazi tangu M-Pesa ianze mwaka 2022 kutoa kadi ya Visa ya mtandaoni. Ila ada ya mwezi humfaa mtu anayecheza kila jioni, na yeye kuna wiki asingegusa kompyuta kabisa. Guild Wars 2 haina ada ya mwezi, mchezo wake wa msingi umekuwa bure tangu 2015, na leveli ya juu kabisa imebaki 80 tangu ulipotoka mwaka 2012, hivyo mtu akipotea miezi mitatu hukuta vifaa vyake vingali vina thamani. Tena humruhusu mtu kuanza kucheza kabla upakuaji haujaisha, jambo lisilo dogo kwa mtu wa bando. Final Fantasy XIV nayo ina jaribio la bure lisilo na kikomo cha muda, ambalo Oktoba 2023 lilipanuliwa hadi leveli ya 70, ingawa mchezaji wa bure hawezi kuanzisha chama wala kuuziana vitu na wenzake, na akishanunua mchezo kamili hawezi kurudi kwenye ule wa bure. Nilimweleza pia kwamba katika vikundi kuna tanki anayepokea mapigo, wapigaji, na mganga anayewatibu wenzake, na kwamba waganga hutafutwa sana. Alinitazama kwa muda.

“Fundi, nitoke wodini nikatibu tena?”

Kwa wasio na kompyuta, na ndio wengi, michezo ninayowapendekezea ni miwili tu. Old School RuneScape imo kwenye simu tangu 2018 na ni nyepesi kiasi kwamba simu ya kawaida huibeba. Albion Online ilifika kwenye simu mwaka 2021, na Aprili 2024 ikafunguliwa seva ya Amsterdam, ambayo kwetu ilikuwa habari kubwa kwa sababu awali tulikuwa tukipitia Washington. Hata hivyo Albion si ya kila moyo. Katika maeneo yake mekundu na meusi ukiuawa unaporwa kila ulichobeba. Mpwa wangu alikusanya mbao kwa wiki nzima ya likizo, akazipakia juu ya ng'ombe wa mizigo, akakata njia ya mkato kupita eneo jekundu, na wageni watatu wakamngoja darajani. Alikuja sebuleni kimya, akaketi. Dada yangu alidhani amefiwa.

Ukubwa wa mchezo usikushtue tu, ukuelekeze: World of Warcraft na Final Fantasy XIV zote zinataka nafasi ya zaidi ya gigabaiti 100, na kwa anayenunua data kwa bando hilo peke yake ni uamuzi. Umri wa mchezo nao mimi huuangalia. City of Heroes ilifungwa Novemba 2012 ikiwa na wachezaji wanaoipenda, na wahusika wao wakazimika nayo. Kwa hiyo mchezo mpya unaosifiwa na kila mtu mimi huuacha upite miaka mitatu kwanza.

Muuguzi hatimaye alichagua RuneScape, kwenye simu, na kati ya kazi zote zilizomo akaipenda uvuvi. Baba yake ni mvuvi wa Dunga. Huvua kamba wakubwa wakati wa mapumziko ya zamu, huwauza, na dhahabu anayopata huiweka akiba kwa ajili ya hati za uanachama zinazouzwa humohumo ndani ya mchezo; anacheza sehemu ya bure, kwa hiyo hajalipa shilingi hadi leo. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe saa nne na robo usiku, pingi yake imepanda kutoka 190 hadi 600, na akataka kujua kama seva imeharibika. Nilimuuliza kama mvua inanyesha kwao Nyamasaria. Alinijibu kwamba stima ilikuwa imepotea nusu saa iliyopita na ngurumo ndiyo kwanza zinaanza, nami nikamwambia azime simu na alale.