Mkate wa nazi na iliki, msaidizi ana miaka minne

Kila mtu akiniambia anataka kuoka na mtoto mdogo anakuwa ameshaamua kabisa kwamba anaanza na keki. Mi naoka kwa biashara mwaka wa 11 sasa, nina binti wa miaka minne jikoni kila Jumamosi, na nakwambia anza na mkate. Najua hamira inawatisha watu. Ila fikiria mtoto wa miaka minne akipewa mwiko anafanya nini, anakoroga, ukimwambia basi anakoroga tena, na uji wa keki ukikorogwa kupita kiasi ile gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, inajijenga, keki inatoka ngumu kama ndala. Sasa mkate ndo unataka hivyohivyo, unataka upigwe, uvutwe, ugongwe mezani, yaani fujo yote ya mtoto inakuwa kazi halali.

Vipimo vyangu ni hivi: unga wa ngano gramu 500, sukari 75, hamira ya chengachenga 7, chumvi 8, siagi 50, yai moja, iliki punje nane, na tui la kati ml 230 hadi 260. Tumia mizani jamani, ile ndogo ya betri. Kikombe cha unga anachochota mtoto kwa kushindilia kinaweza kufika gramu 160, ukichota wewe kwa upole ni 120, na ukizidisha hivyo vikombe vinne mkate unageuka tofali. Halafu mizani yenyewe ni mchezo tosha, wangu namwambia aache kumimina akiona tano na sifuri mbili, anasimama kwenye kigoda kakodoa macho kama analinda benki.

Iliki ndo kazi yake ya kwanza kwa sababu kinu kidogo cha viungo hakina hatari, anamenya, anatwanga, maganda tunatupia kwenye chai. Nazi nakuna mwenyewe, mbuzi ina meno mabaya. Tui nalipasha kidogo tu, na hapa ndo watu wengi wanaua hamira halafu wanalaumu duka. Hamira ni kiumbe hai, ukiipeleka kwenye joto la nyuzi 55 au 60 inakufa. Kipimo changu hakihitaji kipimajoto, tui liwe kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, ukichovya kiwiko usisikie moto wala baridi.

Anza na ml 230 za tui, zilizobaki weka pembeni uongeze kidogokidogo, maana unga wa leo na wa wiki ijayo havinywi sawa. Kanda mpaka donge liache kunata mezani, siagi iingie mwisho. Ukiona donge liko tayari vuta kipande taratibu kwa vidole uone, kikitanuka chembamba mpaka mwanga unapita bila kuchanika, umemaliza. Wangu anaita dirisha. Kwa mikono yangu ni dakika kama 12, kwa mikono yake ni mbili halafu anachoka na anataka kuchora, kwa hiyo tangu mwanzo nakata kipande cha gramu 60 namwachia chake peke yake. Hicho afanye anavyotaka. Mara nyingi anatoka nyoka.

Sasa kuhusu sukari, maana hapa nimeshaumia. Siku moja simu iliita, nikageuka labda dakika moja, kurudi bibie kashika kopo la sukari kanyanyua juu anasema mama nimekusaidia iwe tamu. Nikakadiria sukari imefika kama gramu 200. Mi na uzoefu wangu wote nikasema aah itaumuka tu. Tumefunika saa nne asubuhi, saa nane mchana donge liko vilevile, limelala kama jiwe la mtoni. Sababu ni kwamba sukari inavuta maji, ikiwa kidogo hamira inaila na kufurahi, ikiwa nyingi inaanza kunyang'anya maji mpaka ndani ya hamira yenyewe na ile inashindwa kufanya kazi. Ndo maana kwenye mikate mitamu sana bekari zinatumia hamira maalumu inayovumilia sukari. Dawa yake nyumbani siyo kusubiri, ni kuzimua, nikaongeza unga, tui na hamira mpya mpaka tukapata mikate mitatu, majirani walishukuru. Mdalasini nao una tabia hiyohiyo ya kuikandamiza hamira, ukiupenda paka katikati wakati wa kukunja mkate, usiukandie ndani.

Kuumuka ndo sehemu ngumu kwa mtoto kwa sababu hakuna kinachoonekana. Bibi yake anafunika na khanga na kukataza mtu kufunua, na mtoto kazi yake ni kufunua. Tulikuwa tunagombana watu watatu juu ya bakuli moja mpaka nikaleta ujanja wa kazini: nachukua donge kidogo la ukubwa wa ndimu, nalikandamiza kwenye glasi inayoonyesha, navalisha glasi lastiki pale juu ya donge lilipoishia, halafu lastiki ya pili naiweka mara mbili ya hapo. Likifika lastiki ya pili na la kwenye bakuli liko tayari. Anakwenda kulikagua kila baada ya dakika tano na kutuletea ripoti, na kwenye glasi anaona vipovu vinajipanga ubavuni, namwambia hamira inakula sukari inacheua hewa, anacheka hadi anakaa chini. Kwa joto la Dar la mchana inachukua kama saa moja, kipindi cha baridi ongeza, ndo maana nakwambia angalia lastiki usiangalie saa.

Kitu kimoja nisichokubali kabisa ni kulamba unga mbichi. Watu wanajua habari ya yai, ila hata unga wenyewe haujapikwa na unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Wangu nampa vipande vya nazi atafune wakati tunakanda, mdomo ukiwa na kazi vidole vinabaki mezani.

Ukishaumuka toa hewa, viringisha, weka kwenye kopo la mkate lililopakwa siagi, uache tena mpaka ukaribie kujaa, kama dakika 40. Oveni nyuzi 180, dakika 25 hadi 30. Wa mkaa palia moto juu na chini, ila mwingi uwe juu na chini uache makaa machache tu, kosa la wengi ni kujaza chini, mkate unaungua kitako na kichwani bado mweupe. Kopo la moto ulishike wewe, mtoto awe mbali kabisa. Ukiutoa, gonga chini ya mkate kwa kifundo cha kidole, ukisikia mlio wa ngoma tupu umeiva.

Halafu usiukate. Ndani bado unajipika kwa mvuke wake, ukikata mapema unakuwa kama ugali, subiri angalau nusu saa. Mwambie sasa mtoto wa miaka minne asubiri nusu saa na nyumba nzima inanuka iliki! Ndo faida ya kile kipande cha gramu 60, kinaingia oveni pamoja na mkate mkubwa, baada ya dakika 13 au 14 kiko nje, kinapoa upesi. Yeye anaanza kula nyoka wake kuanzia mkiani, kichwa anamwekea baba.